Mkono Uliolala

Twawaona wengi waliopatwa na kiharusi wakiutumia mkono mzima tu, na ule dhaifu wauacha ulale. Je, umekufa? Sivyo. Jeraha li katika ubongo. Tena mgonjwa alijaribu mara nyingi akashindwa, hata akazoea kutoutumia. Akiamini kwamba hauwezi, hajaribu tena. Na asipojaribu, hudhoofika zaidi.

Jambo hili alilichunguza Edward Taub wa Marekani. Mkono mzima huvikwa mfuko karibu mchana kutwa, muda wa majuma mawili, na ule dhaifu huzoezwa saa nyingi kila siku ya kazi. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 222: waliozoezwa hivyo waliwapita wenzao, na faida ilidumu mwaka mzima. Lakini walichaguliwa wale tu ambao kiganja na vidole vyao viliweza kujongea kidogo.

Basi, tusimwahidi mgonjwa kupona kabisa, wala tusimlishe siku zote kama mtoto. Tumtie kijiko katika mkono ule dhaifu, tungoje kwa saburi. Kuamini peke yake hakutoshi. Lakini ndiko kunakomfanya mtu ajaribu tena, na kwa kujaribu ubongo hujifunza.