Kuandika Barua Rasmi kwa Kompyuta Bila Kuona

Nafasi ya ukarani inapotangazwa, fomu za basari zinapotolewa au mzozo wa shamba unapohitaji kufikishwa ofisini, mkazi hutakiwa kuandika barua. Kwa asiyeona, mara nyingi kazi hiyo hufanyikia saiba: yeye anatamka, mhudumu anachapa. Barua hupatikana, lakini nambari ya kitambulisho, hali ya afya na mambo ya nyumbani huwa yameshasikika na kila aliyepanga foleni.

Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vikwazo vinavyotokana na ulemavu huo. Kompyuta inayozungumza ni kimojawapo cha vifaa hivyo.

Wasioona waliojifunza kuchapa hawashindwi na maneno. Wasiwasi wao huwa ni sura ya barua: je, anwani imekaa mahali pake? Kichwa kimekolezwa? Barua imeenea ukurasa mmoja? Mambo hayo yote yanaweza kukaguliwa kwa sikio.

Programu inayohitajika

NVDA ni programu ya kusoma skrini kwa sauti. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, na hutolewa bila malipo kwa kompyuta zinazotumia Windows. Ipo pia JAWS, ambayo hulipiwa. Maelezo ya hapa ni ya NVDA pamoja na Microsoft Word. Amri nyingi za NVDA hutolewa kwa kushikilia kitufe cha Insert na kubonyeza kingine.

Kupanga barua hatua kwa hatua

1. Anwani ya mwandishi. Mwandishi anabonyeza Ctrl na R ili maandishi yahamie kulia, na NVDA inatangaza badiliko hilo. Kosa la kawaida ni kusukuma anwani kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nyingi. Sikioni mistari husikika sawa, lakini kwenye karatasi huwa imepinda, kila mmoja na mwanzo wake.

2. Mistari ya anwani. Kila Enter katika Word huanzisha aya mpya, na kwa kawaida programu huongeza pengo baada ya aya. Asiyeona huenda asiligundue pengo hilo, na anwani ikatawanyika. Kati ya jina, S.L.P. na mji, anabonyeza Shift na Enter ili mistari ikae pamoja. Enter pekee hubonyezwa sehemu inapokwisha. Tarehe hufuata upande uo huo wa kulia.

3. Anwani ya mwandikiwa. Anabonyeza Enter, kisha Ctrl na L kurudi kushoto. Anaandika cheo cha mwandikiwa, ofisi, S.L.P. na mji, kisha mtajo: Kwa Bwana au Bibi.

4. Kichwa cha barua. Anabonyeza Ctrl na B kabla ya kuandika KUH: na mada yake kwa herufi kubwa, kisha anabonyeza tena Ctrl na B baada ya neno la mwisho. Akisahau kuzima, maandishi yote yanayofuata yatakolezwa.

5. Mwili wa barua. Kila hoja inapewa aya yake, na Enter moja inatosha kati ya aya, kwa kuwa pengo tayari lipo.

6. Hitimisho. Baada ya Wako mwaminifu, anabonyeza Enter mara nne kuacha nafasi ya sahihi, kisha anaandika jina lake kamili.

Kukagua kwa sikio

Ukaguzi wa kwanza ni wa mpangilio. Mwandishi anarudi mwanzo kwa Ctrl na Home, anashuka kwa mshale na katika kila sehemu anabonyeza Insert na F. NVDA itamtajia aina ya herufi, ukubwa wake, kama zimekolezwa na upande yalipolazwa maandishi. Aya moja ikitajwa ukubwa wa 11 na nyingine 12, hapo pana kosa la kurekebisha.

Ukaguzi wa pili ni wa tahajia. Kama Word imewekewa Kiingereza, itahesabu maneno sahihi ya Kiswahili kuwa makosa, na NVDA itatangaza kosa karibu kila neno. Dawa ni kuweka lugha ya ukaguzi kuwa Kiswahili, au kupitia neno linalotiliwa shaka herufi moja moja kwa mshale wa kulia. Majina ya watu na mahali hukaguliwa hivyo daima.

Ukaguzi wa tatu ni wa urefu. Anabonyeza Ctrl na End kufika mwisho. NVDA ikitaja ukurasa wa 2, huenda ni jina pekee lililovukia huko, na barua inahitaji kupunguzwa.

Karatasi na sahihi

Barua iliyochapishwa haipapasiki. Kwa hiyo, mara karatasi inapotoka kwenye printa, ni vyema kuikunja kidogo pembe ya juu ili upande wenye maandishi usipotee. Kwa sahihi, kipande cha kadi ngumu kilichokatwa tundu jembamba la mstatili huwekwa palipoachwa wazi, na kalamu ikapita ndani ya tundu bila kutangatanga.

Mtu anayeona anaweza kuombwa atazame mambo ambayo sikio haliyafikii: wino umefifia? Karatasi imechapwa ikiwa imepinda? Tundu la kadi limekaa juu ya jina? Kujibu maswali hayo hakumlazimu kusoma habari za mwenye barua.

Zoezi

Anayejifunza aandike barua fupi ya kuomba nafasi ya mafunzo, aihifadhi kwa Ctrl na S, kisha aipitie kwa Insert na F kuanzia anwani hadi jina. Akiweza kueleza kila sehemu imekaa vipi bila kuuliza mtu, barua inayofuata anaweza kuiandika, kuitia sahihi na kuipeleka ofisini mwenyewe.