SOMO LA VIKUNDI: MNAPOUZA NYUMBA YENYE WAPANGAJI, STIMA JE?



Vikundi vingi vimejenga vyumba vya kukodisha karibu na soko. Siku inafika wanachama wanakubaliana kuuza ploti. Wapangaji wamo ndani, na mnunuzi anataka wabaki. Hapo ndipo tunasikia watu wakisema, "Mambo ya stima ataona mwenye kununua." Sivyo. Hadi hati ibadilishwe jina, nyumba ni yenu, kodi mnapokea nyinyi, na usalama wa walio ndani uko juu yenu.

Hatari iko wapi?

Stima ya majumbani ni volti 240. Hiyo inatosha kuua. Waya uliochunika ukigusa bati, nyumba nzima ya mabati yaweza kushika stima. Mama akianika nguo kwenye waya uliofungwa kwa bati hilo, ni yeye atarushwa, si mwenye kuuza wala mwenye kununua. Tena Sheria za Kenya, Sura ya 34, zamtaka mwenye kusimamia mahali ahakikishe wanaoingia hawadhuriki. Ua, ukumbi na bafu la pamoja viko mikononi mwa mwenye nyumba.

Tufanye nini kabla ya kuuza?

1. Tafuteni fundi mwenye leseni ya EPRA. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 hairuhusu mtu asiye na leseni kufanya kazi ya waya. Fundi akisema ati leseni ameiacha nyumbani, mngojeni ailete. Angalieni pia kama muda wake haujaisha.

2. Waambieni wapangaji mapema siku ya ukaguzi. Msiingie chumba cha mtu bila kubisha. Waulizeni: ni swichi gani inatoa cheche? Nani amewahi kurushwa bafuni? Wao wanaijua nyumba kuliko kamati.

3. Fundi apime haya: waya wa kijani na manjano unaoingia ardhini, swichi ya usalama ya miliampu 30 inayokata stima inapovuja, fyuzi zilizofungwa kwa waya wowote tu, soketi moja inayolisha vyumba vitatu kwa ekstensheni, na shawa ya maji moto.

4. Aandike ripoti na kuitia sahihi. Maneno ya mdomo hayatoshi.

5. Tengenezeni kwanza kile kinachoweza kuua. Pesa zikikosekana, fundi aizime sehemu hiyo mbovu, wapangaji waelezwe sababu, halafu mpatane na mnunuzi juu ya bei. Lakini kukata stima ya ploti nzima ili wapangaji wahame, huo si ukaguzi, ni uonevu.

Na mnunuzi je?

Mkataba wa kuuza ardhi ni lazima uandikwe, pande zote zitie sahihi, na kila sahihi iwe na shahidi. Ambatanisheni ripoti ya fundi pamoja na cheti cha kazi ya waya. Andikeni wazi ni nani atamaliza matengenezo yaliyobaki, na lini. Mita ikiwa kwa jina la kikundi, nendeni Kenya Power ibadilishwe. Msipofanya hivyo, mwenye nyumba ni mwingine na akaunti bado ni yenu.

Wengine watauliza, "Si tutapata bei ndogo tukionyesha ubaya?" Pengine ndiyo. Lakini mnunuzi mwangalifu ataleta fundi wake, na ubaya utaonekana. Afadhali bei ipungue mezani kuliko mtoto wa mpangaji afe kwa sababu ya waya tulioujua tukanyamaza.

Maswali ya kujadiliana

- Nyumba zetu zilikaguliwa stima lini, na karatasi iko kwa nani?
- Mpangaji akileta malalamiko ya stima, anampelekea nani? Yanaandikwa?
- Tukiuza mwaka huu, ni jambo gani moja tutatengeneza kwanza?

Katibu aandike majibu, nayo yasomwe tena mkutano ujao.