Pafu Likinywea: Mrija au Upasuaji wa Matundu Madogo?

*Daktari bingwa wa upasuaji wa kifua anajibu maswali ya wasomaji.*

Mdogo wangu ana miaka 22, mrefu, mwembamba. Alikuwa amekaa tu, kifua kikamchoma, pumzi zikambana. Imekuwaje?

Vijana wa umbo hilo ndio tunaowapokea zaidi, hasa wavutaji sigara. Juu kabisa ya pafu huota vilengelenge vyembamba. Kimoja kikipasuka, hewa huvujia kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu likanywea. Kwa mwenye kifua kikuu au makovu yake, hali huwa nzito zaidi.

Amewekewa mrija unaoingia kwenye chupa ya maji. Ya nini?

Maji huruhusu hewa itoke kifuani bila kurudi. Mwambie akohoe, nawe uitazame chupa. Mapovu yakitoka, kifuani bado mna hewa. Yasipokoma siku zikipita, tundu la pafu halijaziba. Chupa ikae sakafuni. Ndugu huiinua kitandani ili kumpisha mfagiaji, na maji yanaweza kurudi kifuani! Wala msiubane mrija unaotoa mapovu: hewa iliyofungiwa husukuma moyo, na inaweza kuua.

Kwa nini asipasuliwe leo leo?

Kwa sababu mara ya kwanza mapafu mengi hupona kwa mrija, mengine hata bila mrija. Tunafikiria upasuaji hewa inapovuja siku tano hivi, pafu linapogoma kujaa, au linaponywea tena. Rubani na mpiga mbizi hatuwasubirishi hivyo.

Matundu madogo maana yake nini hasa?

Mgonjwa hupewa nusu kaputi, na hewa hupitishwa pafu moja tu ili lile tunalolishughulikia litulie. Tunatoboa matundu mawili au matatu ya sentimita moja au mbili katikati ya mbavu, bila kuzipanua kwa chuma. Nafuu kubwa iko hapo. Kamera hupita tundu moja, vifaa mengine. Vilengelenge hukatwa na kubanwa kwa pini papo hapo. Lakini kwangu kazi yenyewe huanza baadaye: kuukwaruza utando wa ndani wa kifua, au kunyunyiza poda ya talki, ili pafu ligande ukutani lisinywee tena.

Kuchungulia kifua si jambo geni. Hans Christian Jacobaeus alilieleza huko Stockholm mwaka 1910. Kamera za video zilishika kasi miaka ya 1990.

Tatizo halitarudi tena?

Bila upasuaji, karibu mtu mmoja kati ya watatu hurudiwa. Baada ya matundu madogo ni wachache katika kila 100. Kufungua kifua kizima huzuia vizuri zaidi kidogo, ila maumivu yake ni makali na kitanda ni cha siku nyingi. Hata matundu madogo huuma, na ganzi ya ubavuni inaweza kudumu wiki kadhaa.

Na safari ya ndege?

Asubiri eksirei ionyeshe pafu limejaa, kisha aongeze angalau wiki moja. Sigara, shisha na bangi aache kabisa.