Tufe, Timazi na Neno "Chini"

Mtoto wa shule ya msingi akionyeshwa tufe la dunia kwa mara ya kwanza, aghalabu huuliza: mbona watu wa upande wa chini hawaanguki? Swali hili ni zuri kuliko majibu mengi yanayotolewa. Kumwambia kwamba dunia ina nguvu ya uvutano si kumjibu, bali ni kumpa jina la kukariri. Atalikariri, atafaulu mtihani, na bado ataamini moyoni kwamba walio kusini mwa tufe wamenatishwa kwa namna fulani wasidondoke. Imani hiyo huandamana naye hadi sekondari, ambako hukutwa akikokotoa kwa 9.8 bila kuwa na hakika mshale wa nguvu auelekeze wapi.

Shida imo katika neno "chini". Katika maisha ya kila siku, chini ni upande mmoja kwa watu wote. Kwa hiyo somo lisianze na tufe. Lianze na timazi ya mwashi, ule uzi wenye kipande cha chuma ambao fundi huutumia kupimia ukuta. Uzi ukitulia, huonyesha chini ni wapi. Darasa liulizwe: timazi ya fundi wa Dar es Salaam na timazi ya fundi wa Kigoma, je, ni sambamba? Karibu wote watajibu ndiyo.

Ndipo lichorwe duara kubwa mchangani, na watoto wasimame juu ya mzingo wake, kila mmoja ameshika kamba iliyofungwa kwenye kigingi cha katikati. Kamba zote zaelekea kigingini, wala hakuna mtoto aliye chini ya mwenzake. Kati ya Dar es Salaam na Kigoma, kwa mstari ulionyooka, pana takriban kilomita 1,090, na mzingo wa dunia ni karibu kilomita 40,000. Basi timazi hizo mbili zimeachana kwa pembe inayokaribia digrii 10. Kuta zote mbili ni wima, ila kila moja ni wima kwa mahali pake. (Kwa usahihi kamili, timazi hupotoka kidogo sana na kitovu cha dunia, jambo hilo lisiletwe mbele ya watoto mapema.)

Sababu yake yaweza kuelezwa bila hesabu. Kila mwamba, kila punje ya mchanga na kila tone la bahari huvuta. Mivuto ya kulia na ya kushoto hutanguana, ukabaki mvuto wa jumla unaoelekea katikati. Newton aliyathibitisha hayo kwa hesabu katika kitabu alichokitoa mwaka 1687. Mtu wa Australia hawezi kuangukia angani kwa sababu ile ile inayomzuia mwanafunzi wa Dodoma.

Wanafunzi wa sekondari waongezewe kwamba mvuto huo haulingani kabisa kila mahali. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikuwa Cayenne, karibu na ikweta katika Amerika ya Kusini, akaona saa ya pendulamu iliyorekebishwa Paris inachelewa kwa kiasi cha dakika mbili na nusu kila siku. Saa haikuharibika, pendulamu ilibembea polepole zaidi kwa kuwa mvuto ulikuwa umepungua. Leo hupimwa kuwa 9.78 kwenye ikweta na 9.83 kwenye ncha. Sehemu ya tofauti hiyo hutokana na mzunguko wa dunia, na sehemu nyingine na kufutuka kwake kiunoni: nusu kipenyo ni kilomita 6,378 kwenye ikweta na 6,357 kwenye ncha. Hata hivyo, katika tufe la sentimita 30 tofauti ya vipenyo ni milimita moja tu, na Kilimanjaro yenyewe haifiki theluthi moja ya milimita. Mwalimu anayeifananisha dunia na chungwa lililobonyea ametia chumvi.

Ramani ya ukutani nayo huleta kosa lake. Sote twajua kwamba ngozi ya mviringo haitandazwi pasipo kuchanika au kuvutwa, ndiyo maana katika ramani ya Mercator ya mwaka 1569 Greenland huonekana kulingana na Afrika, hali Afrika yaizidi mara 14. Lakini kwa watoto kosa kubwa zaidi ni la msumari: ramani ikitundikwa, kaskazini huwa "juu". Hapo Mto Nile huonekana unapanda, na mtoto mwenye akili hushangaa maji yapandaje. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji yashuka njia nzima hadi Misri. Ramani ishushwe, itandazwe sakafuni, kaskazini yake ielekee kaskazini.

Tufe nalo litolewe kwenye kiguu chake, ambacho huiweka Tanzania ubavuni kana kwamba itateleza. Liwekwe juani juu ya ngata, Dar es Salaam ikiwa kileleni, na Ncha ya Kaskazini ielekee kaskazini, imeinama digrii 7 hivi chini ya usawa. Sasa tufe limekaa kama dunia ilivyokaa, na upande unaoangazwa ndio wenye mchana saa hiyo. Njiti za kiberiti zisimamishwe juu yake kwa nta: moja Dar es Salaam, moja Cairo, moja Cape Town. Zote zimesimama wima, na kila moja ina "chini" yake. Jua likiwa kileleni mwezi wa Juni, kivuli cha njiti ya Dar es Salaam huangukia kusini. Desemba huangukia kaskazini. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, hutoweka. Kijiti kilichosimikwa uani mwa shule kitafanya vivyo hivyo, saa hiyo hiyo.