Vipimo Viko Sawa, na Bado Unaumwa

Kauli inayowaumiza wengi wenye ugonjwa wa hofu ya ghafla ni ile ya "huna ugonjwa wowote". Moyo ulikwenda mbio, kifua kikabana, jasho likamtoka mtu na vidole vikafa ganzi, akaamini anakata roho. Akifika hospitali, kipimo cha umeme wa moyo ni kizuri; presha, sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo navyo havina shida. Vipimo hivyo ni vya lazima. Maumivu ya kifua yasidhaniwe kuwa hofu kabla daktari hajayachunguza.

Hofu hii hupanda hadi kilele kwa dakika chache, mara nyingi hazizidi 10, kisha hushuka. Ni mwili kupiga king'ora bila mwizi. Tukio moja halitoshi kuitwa ugonjwa. Ugonjwa ni pale matukio yanapojirudia bila taarifa, na mtu akaishi mwezi mzima au zaidi akiogopa lijalo: anaacha kupanda daladala, haendi sokoni wala ibadani peke yake. Kukwepa huko humpa nafuu ya leo na kuikuza hofu ya kesho.

Ndiyo maana tiba ya mazungumzo hulenga hapo hapo. Mtaalamu humrudisha mgonjwa kidogo kidogo kwenye anachokiogopa, kituo kimoja cha daladala kwanza. Huweza hata kumzungusha kwenye kiti apate kizunguzungu, ajionee kwamba hakiui.

Dawa pia zipo, kama sertralini na fluoksetini. Huanzwa kwa dozi ndogo, kwa kuwa siku za mwanzo zinaweza kuongeza wasiwasi. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Ukipata nafuu usiziache ghafla. Diazepamu hutuliza haraka, lakini huzoesha mwili. Kujinunulia kwenye duka la dawa ni kutafuta tatizo la pili. Kahawa nyingi na miraa huchochea dalili, na pombe hutuliza usiku ikakulipisha asubuhi.

Hofu ikikushika, keti, toa pumzi polepole, usiipige vita. Wewe ndugu uliye karibu, acha "jikaze". Kaa naye ipite. Maombi na dua havigombani na kliniki.

Ukiambiwa vipimo viko sawa, usiishie hapo. Omba rufaa ya kliniki ya afya ya akili, na kama unawaza kujiua, nenda leo hii.