Gurudumu Lising'ae Kama Sarafu

Simama kando ya kichwa cha treni kinachofanya kazi kila siku, kiwe cha mvuke huko Uingereza au cha dizeli stesheni ya kwenu, uangalie magurudumu. Ubavu wote ni mweusi wa kahawia: grisi, vumbi la breki, kutu. Kinachong'aa ni ule mkanda mwembamba unaokanyaga reli, maana hapo chuma kinasuguana na chuma. Sasa chukua treni ya mfano, ya kipimo cha 1:76 au 1:87, iliyotoka dukani leo. Mara nyingi gurudumu zima linametameta kama sarafu mpya, na jicho hukimbilia hapo kabla ya kuona kitu kingine.

Kuuzima mng'aro huo, mimi hutumia dawa ya mafundi bunduki, ile ya kuutia mtutu weusi. Haifuniki kama rangi. Inaubadilisha uso wa metali yenyewe, kwa hiyo spoki nyembamba zinabaki nyembamba. Nunua aina ya kutia weusi shaba, kwa kuwa magurudumu mengi ya mifano ni shaba ya manjano iliyopakwa nikeli, au mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Dawa hizi nyingi zina seleni, nayo ni sumu. Vaa glavu, fungua dirisha, na usiifanyie kazi hii jikoni.

Kazi nzima iko kwenye usafi. Mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuacha doa ambalo dawa haitashika. Safisha kwa spiriti, kisha usiguse tena kwa mkono mtupu. Nikeli ikikataa dawa, ikwangue kwa msasa laini, ubavuni tu. Paka kwa pamba ya masikio, ngoja dakika moja, suuza kwa maji, kausha vizuri ekseli isishike kutu, halafu rudia. Mara tatu za harakaharaka hushinda kuloweka muda mrefu, kwani ukiloweka sana weusi hugeuka masizi yanayobanduka.

Niliwahi kutumbukiza magurudumu sita mazimamazima kwenye kikombe cha dawa. Yalitoka mazuri ajabu, lakini injini ikawa inakwenda hatua mbili na kusimama. Umeme wa volti 12 hutoka kwenye reli, ukapita gurudumuni hadi kwenye mota. Basi uache mng'aro pale panapokanyaga reli, na pia mgongoni mwa gurudumu, vibati vya kupokea umeme vinapogusa.

Kama magurudumu ni ya dizeli, yasiyo na spoki, na hayatoki, tumia rangi isiyong'aa: nyeusi iliyochanganywa na kahawia iliyokoza, kamwe si nyeusi tupu. Laza injini chali, unganisha nyaya mbili za umeme, magurudumu yazunguke polepole. Shikilia brashi bila kuisogeza. Gurudumu litajipaka lenyewe. Rangi ikiteleza hadi kwenye mkanda wa reli, ifute kwa pamba yenye spiriti gurudumu likiwa bado linazunguka, kabla haijakauka.