Mlango Kwanza, Ukuta Baadaye

Mdogo wangu mmoja aliyeko Minnesota ameniuliza hivi: "Dada, sakafu ya trela yangu imeshafungwa kwenye chesi, plaiwudi za ukuta ziko gereji. Milango ninunue au nijitengenezee?" Nimefurahi umeuliza kabla hujashika msumeno. Wengi huja kwangu ukuta umeshatobolewa, na hapo ninachoweza kuwapa ni pole tu.

Kwa wasioijua, ni ile trela ndogo ya kulala yenye umbo la tone la chozi. Wamarekani walianza kuijenga miaka ya 1930, na mwaka 1947 jarida la Popular Mechanics likachapa ramani yake kwa watu wa kujijengea nyumbani. Ndani ni godoro la wawili na basi; jiko liko nyuma, chini ya mfuniko. Humo husimami. Unatanguliza makalio, unakaa, ndipo unavuta miguu. Kwa hiyo ukiona mlango mzuri wa bei nafuu, kwanza muulize mwenye mwili mkubwa kati yenu kama atapita.

Mimi nasema nunua, kama ukuta wako bado mzima na bajeti inaruhusu. Mlango wa dukani unakuja na fremu ya alumini, kitasa, raba, mara nyingi na dirisha lenye wavu wa mbu. Kipimo kinachopatikana sana ni inchi 26 kwa 36 hivi. Bei yake ni mamia ya dola kwa mmoja, na usafirishaji juu, najua inauma. Ila usikate ukuta kwa kuamini vipimo vya kwenye tangazo. Subiri mlango ufike, uupime kwa mkono wako, ndipo uchore. Na uliza unene wa ukuta kabla ya kulipa: fremu hizi hubana ukuta katikati, kipande kimoja nje na kingine ndani, vinavutana kwa skrubu. Ukuta wa plaiwudi ya milimita 18 peke yake huenda ukawa mwembamba mno, ikabidi uongeze mbao ndani kuzunguka tundu.

Kujitengenezea kuna sababu moja ambayo siwezi kuibishia: madigadi. Kama tairi limekaa pale pale mlango unapotakiwa kushukia, mlango wa mstatili utakusumbua, wakati wa kwako unaweza kuukata chini kwa mzingo ukafuata madigadi vizuri kabisa. Basi sikia mafundi wanavyofanya. Kile kipande unachokitoa ukutani ndicho mlango wenyewe, kwa hiyo jigsoo iende taratibu, na bledi iwe ya meno madogo. Anza upande wa bawaba. Ukishakata upande huo tu, simama, funga bawaba kabisa, halafu ndiyo umalizie pande zilizobaki. Mlango utabaki pale pale ulipozaliwa, hauchezi hata kidogo. Pembe zote ziwe za mviringo, maana pembe kali ndipo nyufa zinapoanzia barabara ikitikisa. Kisha piga msasa kingo hadi nafasi itoshe rangi na raba. Ule upenyo wa bledi pekee ni mdogo mno, mvua ya kwanza tu mbao itavimba na mlango utagoma.

Na rangi, tafadhali, ipake nje, ndani na kwenye kingo. Mlango uliopakwa upande mmoja hupinda, na mlango uliopinda hakuna raba itakayouokoa.

Bawaba zikae upande wa mbele, kule inakovutwa trela. Kitasa kikijiachia barabarani, upepo utausukuma mlango ufunge. Ukiziweka nyuma, utauona mlango wako kwenye kioo cha pembeni ukipunga mkono.

Juu ya mlango weka kamfereji kadogo, kapite upana wa mlango pande zote mbili, maji yadondokee pembeni. Chini ya fremu tumia utepe wa butili. Silikoni ina watetezi wake, nawajua, lakini siku utakapotaka kuing'oa fremu hiyo utanitafuta, na silikoni ikishagusa ukuta rangi haishiki tena. Halafu jaribu kwa bomba la bustani: shemeji amwagie maji kutoka juu, wewe ukae ndani na tochi.

Ukiwa bado umejifungia humo, hakikisha mlango unafunguka kutoka ndani, hata ukiwa umefungwa kwa ufunguo nje. Vitasa vingine vya bei rahisi, vile vya vifuniko vya pikapu, havina mkono wa ndani. Hivyo usivinunue. Na milango iwe miwili, kulia na kushoto. Anayelala upande wa ndani asilazimike kumpanda mwenzake saa nane za usiku akitafuta choo, na moto ukitokea kila mtu awe na pake pa kutokea.

Nitumie kipimo cha madigadi yako kwanza, kabla hujaagiza chochote.